Kusoma Picha ya Punda Anayeuzwa

Tuchukue mfano wa mkulima wa Pande, wilayani Kilwa, aliyekwisha kuuza ufuta wake na sasa anataka punda wa kubebea maji na mazao. Katika pwani ya kusini punda si wengi, kwani ndorobo wa mapori yake wameifanya tangu zamani kuwa nchi ngumu kwa wanyama wa kubeba, farasi wakiwa wa kwanza kushindwa. Basi anatumiwa kwenye simu picha ya punda aliyeko Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwake, pamoja na maneno: "Mzima, ana nguvu, miaka minne. Tuma malipo ya awali, wengine wanamtaka." Fedha ya msimu mzima inategemea picha hiyo moja.

Picha ya kufaa ni ile inayoonyesha, wala si lazima ipendeze. Mnyama asimame ubavu, juu ya ardhi tambarare na ngumu, miguu yote minne ionekane hadi kwato, na kamera iwe mbali kidogo, usawa wa bega lake. Kamera ikishushwa chini, punda mfupi huonekana mrefu. Ikisogezwa karibu na kichwa, kichwa huwa kikubwa na kiuno hupungua. Hayo yaweza kuwa makosa ya mtu asiyejua kupiga picha tu. Lakini majani yanayofunika kwato yakutie shaka, kwa maana kwato zilizorefuka na kujikunja humfanya mnyama achechemee, na kuzirekebisha huchukua miezi. Vivyo hivyo gunia au shogi lililoachwa mgongoni. Omba litolewe. Chini yake huenda pana kidonda kibichi. Na mabaka ya nywele nyeupe mahali pa matandiko ni alama ya vidonda vilivyopona, yaani mnyama aliwahi kubebeshwa vibaya. Alama hiyo haikuzuii kununua, ila ni haki yako kuizungumzia bei upya.

Umri hauonekani katika picha ya ubavu. Omba picha ya meno ya mbele, midomo ikiwa imefunuliwa. Punda hubadili meno ya utoto jozi kwa jozi, kuanzia miaka miwili na nusu hivi, na hukamilisha akikaribia mitano. Kwa hiyo wa miaka minne bado ana meno ya utoto pembeni. Ukiona yote ni makubwa na yamelika, muuzaji amekosea hesabu, au amekusudia kukosea.

Kisha omba video fupi, punda akitembea kwenda na kurudi, na aliyemshika ataje tarehe ya siku hiyo na jina la kijiji. Picha yaweza kuwa ya mnyama aliyeuzwa mwaka jana, au ya mnyama wa mtu mwingine kabisa.

Yako yasiyoonekana katika picha yoyote. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, hupunguza damu na kumkondesha mnyama polepole, na punda aliyetoka nyanda kavu anaweza kuupata baada ya kufika pwani. Muulize afisa mifugo wa kata kabla ya kununua. Muulize pia muuzaji kibali cha kusafirisha mifugo. Anayekikwepa usimtumie fedha.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ili sheria hizo zikusaidie, usifute picha, ujumbe wala risiti ya malipo ya simu. Punda akifika, mlinganishe na picha mbele ya dereva na shahidi mmoja, kabla hajashushwa garini, na salio lilipwe baada ya hapo.