Ukucha Uliozama Nyamani: Kuutambua, Kuutibu na Kuuzuia

Ukucha husemwa kuwa umezama nyamani pale ukingo wake unapoichoma ngozi ya pembeni badala ya kukua kuelekea mbele. Kidole gumba cha mguu ndicho kinachopatwa zaidi. Kwa wengi ni maradhi madogo. Kwa mwenye kisukari yaweza kuwa mwanzo wa kidonda kinachouhatarisha mguu mzima.

Dalili zake

Mwanzoni pembe ya ukucha huuma ikiguswa, hata na shuka. Kisha ngozi huvimba na kupata joto. Mara nyingi husemwa kwamba ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Mahali hapo hung'aa, au huwa peusi zaidi. Basi ni afadhali kupima kwa mkono: kidole kilichovimba, chenye joto kuliko mwenzake, kinastahili kuangaliwa. Usaha, au kinyama laini kinachoota pembeni na kutoka damu upesi, ni ishara kwamba hali imezidi.

Sababu kubwa ni ukataji. Wengi wamezoea tangu nyumbani kukata kucha kwa wembe na kuzizungusha pembe mpaka ndani. Kipande chenye ncha husalia pasipoonekana, na ukucha ukikua huingia nyamani kama mwiba. Viatu navyo huchangia: aliyekulia katika makubadhi na ndara, kisha akashinda kutwa ndani ya buti za baridi au viatu vya kazi vyenye chuma mbele, vidole vyake hubanwa visivyozoea kubanwa.

Matibabu

Asiye na kisukari wala usaha anaweza kuanza nyumbani. Aloweke mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa siku chache, na kila mara aukaushe vizuri. Avae viatu vipana au vya wazi. Parasetamoli hutuliza maumivu. Ukucha wenyewe uachwe ukue. Hamu ya kuichimbua ile pembe ni kubwa, lakini nafuu yake haidumu, kwani ncha mpya hurudi pale pale. Wala kukata pengo katikati ya ukucha hakusaidii, maana ukucha hukua kutoka shinani.

Antibayotiki zilizobaki kabatini, au zilizotumwa na jamaa, zisitumiwe. Dawa hiyo hupigana na vijidudu, haiutoi mwiba.

Maumivu yakizidi au usaha ukitoka, mgonjwa amwone GP wake. Kituo kikiwa kimefungwa, apige simu namba 111. Anayo haki ya kuomba mkalimani bila malipo, na si vyema mtoto afanywe mkalimani wa mzazi wake. Ikibidi, mtaalamu wa miguu hukitia kidole ganzi, huondoa ukingo uliozama, na mara nyingi hupaka fenoli shinani ili sehemu hiyo isiote tena. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bendeji isiloweshwe kabla ya muda aliopewa. Anayetawadha anaweza kumwuliza mwanazuoni namna ya kupangusa juu yake.

Mwenye kisukari

Kisukari hudhoofisha neva za miguu, hata kidole kikawa na usaha bila kuuma. Kwa hiyo mwenye kisukari asijitibu nyumbani wala asingoje maumivu: aonapo uvimbe, jeraha au badiliko la rangi, apige simu siku hiyo hiyo. Nchini Uingereza NHS humpima miguu kila mwaka bila malipo. Miadi hiyo isiachwe kwa sababu tu miguu haiumi.

Kinga

Kucha hukatwa kwa mstari ulionyooka, si fupi mno, na pembe zake zionekane juu ya ngozi. Baada ya kuoga au kutawadha, katikati ya vidole pakaushwe kabla ya kuvaa soksi. Viatu vijaribiwe jioni, miguu inapokuwa imetanuka. Watoto huviacha viatu vyao upesi kuliko wazazi wanavyodhani, na mara nyingi hawasemi kwamba vinabana. Vidole vyao vikaguliwe wanapooga.