SUFURIA INAYONG'AA

Siku ya soko mama mmoja wa Rumangabo alikwenda Goma kuuza maharagi. Alipokwisha kuuza, akapita mbele ya duka la vyombo. Hapo akaona masufuria manne yamepangwa, kubwa chini na dogo juu, yaking'aa kama kioo.

Mwenye duka akamwita: «Karibu, mama! Hii ni inoksi. Haishiki kutu. Utawaachia wajukuu wako.»

Mama akauliza bei. Aliposikia, akashika kitambaa alichofungia fedha yake, akajibu: «Nitasema kwanza na baba ya watoto.»

Jioni wote walikaa karibu na moto. Mama akaeleza alichokiona. Mtoto wake wa darasa la sita akafurahi, akasema: «Mama, tuyanunue yote manne!»

Baba akatikisa kichwa: «Fedha hii ni ya masomo ya dada yako. Je, atasoma ndani ya sufuria?»

Nyanya akacheka: «Mimi nilipika katika chungu, na ninyi nyote mlikua.»

Mtoto akasema: «Basi, kesho nitamwuliza mwalimu.»

Watoto, sikilizeni sasa mambo mwalimu aliyomfundisha.

1. Inoksi ni nini?

Acha panga nje usiku wa mvua. Asubuhi utaona madoa mekundu. Hiyo ndiyo kutu: maji na hewa vinakula chuma. Inoksi ni chuma cha pua, lakini ndani yake wamechanganya madini yanayoitwa kromu. Kromu hiyo hushikana na hewa na kufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Jicho haliwezi kuiona. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe. Kwa sababu hiyo kutu haipati mlango.

Katika mwaka 1912 Wajerumani wa kiwanda cha Krupp, mjini Essen, walipata njia ya kutengeneza chuma cha namna hii. Katika mwaka 1913 Mwingereza Harry Brearley, mjini Sheffield, alipata cha kwake. Yeye alikuwa akitafuta chuma kizuri cha kutengenezea bunduki. Lakini chuma chake kikafaa zaidi kwa visu vya mezani. Hivi kitu kilichotafutwa kwa ajili ya vita kikaingia jikoni.

Chini ya masufuria mengine utasoma 18/10. Maana yake ni hii: katika kilo 100 za chuma hicho, kilo 18 ni kromu na kilo 10 ni madini mengine, jina lake nikeli.

2. Mema yake

Kwanza, inadumu. Haitoboki upesi, wala haipindiki ikianguka juu ya mawe yetu ya volkano.

Pili, haigombani na chakula. Tomati, ndimu na vitu vingine vichachu hula alumini kidogo kidogo, lakini inoksi huvivumilia.

Jambo hili si dogo. Mahali pengi katika Afrika mafundi huyeyusha alumini chakavu, kama vipande vya mitambo ya motokari na vyombo vibovu, na kuimimina iwe masufuria. Kazi yao ni ya akili, na bei yao inatusaidia. Lakini katika chakavu hicho madini ya risasi yanaweza kujificha. Katika mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba walipima masufuria ya namna hiyo yaliyotoka Kameruni. Walichemsha ndani yake maji yenye uchachu, wakakuta risasi katika maji yale. Risasi haina harufu katika mchuzi, lakini inadhuru ubongo, na zaidi ubongo wa mtoto mdogo.

Tatu, sufuria ya inoksi yenye kitako kinene na kifuniko kinachofunga vizuri hushika joto. Maharagi yakiisha kuchemka, punguza moto, nayo yataendelea kuiva. Ukitumia makala kidogo, unaweka fedha mfukoni. Tena kuna miti inayobaki imesimama. Sisi wa Rumangabo tunajua jambo hili vizuri, maana makao makuu ya Hifadhi ya Virunga yako hapa kwetu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na makala imekula miti yake mingi.

3. Mabaya yake

Kwanza ni bei. Inoksi nzuri ni ghali.

Pili, inoksi peke yake haipitishi joto vizuri. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko inoksi. Katika sufuria nyembamba ya inoksi, mahali moto unapopiga chakula kinaungua, na pembeni bado ni kibichi. Ugali unashika chini, na mama anachoka kukwangua. Kwa sababu hiyo viwanda vizuri huweka bamba nene la alumini au shaba katika kitako, na kulifunika kwa inoksi.

Tatu, ni nzito. Katika mwezi wa tano wa mwaka 2021 Nyiragongo ilitapika moto, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma waliamriwa kuhama. Wengi walikwenda Sake kwa miguu, na wengine wakapanda njia ya Rutshuru. Mwenye kukimbia na mtoto mgongoni hachagui sufuria nzito.

Nne, kuna watu wachache ambao ngozi yao haipatani na nikeli. Hao inawapasa kuangalia.

4. Namna ya kuchagua

Usidanganywe na kung'aa, kwa maana hata bati jipya hung'aa. Inua sufuria: je, ina uzito? Tazama kitako: je, ni kinene na sawasawa? Tikisa mikono yake: je, imeshikwa kwa misumari yenye nguvu? Anayesonga ugali lazima ashike sufuria kwa nguvu. Funga kifuniko uone kama kinakaa vizuri. Wengine hupima kwa sumaku. Inoksi ya 18/10 kwa desturi haivutwi na sumaku, lakini sufuria nyingine nzuri zina kitako kinachovutwa, ili zifae kwa jiko fulani la umeme. Basi usihukumu kwa sumaku peke yake.

5. Namna ya kutunza

Usiweke sufuria tupu juu ya mbabula yenye moto mkali. Tia chumvi maji yakiisha kuchemka, kwa maana chumvi inayolala chini katika maji baridi huchimba vishimo vidogo. Chakula kikiungua, usikwangue kwa kisu. Mimina maji, yachemshe, uache yapoe, ndipo uoshe. Madoa meupe ya maji huondoka kwa ndimu. Usiiloweke katika javeli, kwa maana javeli huharibu ile ngozi inayoilinda.

6. Tufanye hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme sufuria nyepesi ya alumini ni faranga 20,000, nayo inadumu miaka 2. Sufuria ya inoksi ni faranga 90,000, nayo inadumu miaka 20. Katika miaka 20 utanunua alumini mara 10, yaani faranga 200,000. Inoksi utanunua mara moja tu, kwa faranga 90,000. Umebakiza faranga 110,000.

Hesabu ni sahihi. Lakini mwalimu akaongeza neno: «Mwenye faranga 20,000 leo hawezi kulipa 90,000 leo, hata akijua hesabu. Naye mwenye kuazima fedha ili anunue, na kulipa faida kila mwezi, atapoteza yote aliyotaka kuyabakiza.»

Jioni mtoto akaeleza yote nyumbani. Nyanya akasema: «Chungu changu nacho hakina risasi ya chakavu. Mambo ya tomati tupikie humo sasa.» Ni kweli kwamba chungu kinavunjika, lakini kinaiva maharagi vizuri, na bei yake ni ndogo.

Baba akalipa masomo ya dada. Mama akachukua mkebe, akatia humo faranga chache kila siku ya soko. Baada ya mavuno mawili akarudi katika lile duka. Mwenye duka akamwonyesha tena yale manne, na mama akajibu: «Moja tu linanitosha. Nipe lile la kati, lenye kitako kinene.» Akaliinua, akatikisa mikono yake, akageuza akasoma chini, ndipo akafungua mkebe.

Mpaka leo mchuzi wa tomati wanaupikia humo. Maharagi yamebaki katika chungu cha nyanya. Na mtoto yule ndiye anayeosha sufuria, kwa sababu yeye ndiye aliyejifunza namna ya kuitunza.

MAULIZO

1. Kwa nini inoksi haishiki kutu?
2. Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kazi gani?
3. Taja mema matatu na mabaya mawili ya sufuria ya inoksi.
4. Kwa nini ni vibaya kupika tomati katika sufuria iliyotengenezwa kwa chakavu?
5. Kwenu mnapika katika vyombo gani? Vinadumu miaka mingapi?
6. Hesabu: sufuria moja ni faranga 15,000, nayo inadumu miaka 3. Nyingine ni faranga 60,000, nayo inadumu miaka 15. Katika miaka 15, ipi inagharimu fedha kidogo? Tofauti ni faranga ngapi?
7. Ungekuwa wewe ni mama yule, ungefanya nini siku ile ya kwanza dukani? Eleza sababu zako.