Mtoto Kiziwi na Mtoto Kipofu Nao Waitwa Shuleni



Injili ya Marko, sura ya 7, yatusimulia habari za kiziwi aliyeletwa kwa Yezu, mwenye ulimi mzito. Bwana wetu alimtenga na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi. Kwa nini, naye aweza kuponya kwa neno tu? Yafaa tufikiri kwamba mtu yule hakusikia neno. Basi Yezu alisema naye kwa mkono, njia iliyokuwa wazi kwake.

Elimu ya watoto wenye ulemavu yafuata njia hiyo. Kwanza mtoto huchunguzwa: je, aona? Asikia? Wako waliopoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo, na wengine macho kwa surua. Huo ni ugonjwa, si ulozi. Kisha kiziwi hufundishwa kwa ishara za mikono, na mzito wa akili kwa hatua fupi zinazorudiwa mara nyingi. Mmoja hukaa darasani pamoja na wenzake, akisaidiwa. Mwingine huhitaji shule ya pekee.

Kipofu husoma kwa vidole. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, mwana wa fundi wa ngozi. Alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo cha baba yake, hata akapofuka macho yote mawili. Wazazi hawakumficha. Padri wa kijiji alimfundisha, kisha akaketi shuleni pamoja na watoto wenye kuona. Mwaka 1819 akapelekwa shule ya vipofu huko Paris. Angali kijana, alitunga herufi za nukta 6 ambazo vipofu wazisoma hata leo. Tena alipiga kinanda kanisani. Je, kama angefichwa nyumbani?

Kwetu Kongo, sheria ya mwaka 2022 yalinda haki za wenye ulemavu, na elimu ni mojawapo. Lakini shule za namna hii ni chache, kwa hiyo mzazi asingoje kuitwa. Ampeleke mtoto hospitalini apimwe macho na masikio, kisha amwendee mkuu wa shule.

Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, yamwagiza paroko awape mafundisho ya dini wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kadiri wawezavyo kupokea. Basi mtoto kiziwi asiachwe kulinda kuku wenzake waendapo mafundishoni. Mleteni Jumapili, mketisheni mbele, karibu na katekista, apate kuiona midomo yake na mikono yake.