Ng'ombe, Ploti na Soko

Nani hapa Pumwani hajatumwa nyama soko la Burma? Tunauliza bei, tunabishana na muuzaji, kisha tunaenda zetu. Je, umewahi kujiuliza wanaofuga ng'ombe hupata nini? Tuwatazame Wamaasai wa Kajiado, majirani zetu wa kusini.

Katika uchumi wa soko, bei huamuliwa na wauzaji na wanunuzi. Kitu kikiwa kingi na wanunuzi wachache, bei hushuka. Sheria hii yaonekana haina ubaguzi. Lakini ukame ukija, wafugaji wote hutaka kuuza pamoja kabla mifugo haijafa. Ng'ombe amekonda, bei yaanguka. Wakati huo huo unga wapanda. Anayefaidi ni yule anayeweza kungoja.

Zamani mfugaji alikuwa na kinga yake, yaani kuhama kufuata nyasi. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za vikundi, ardhi ikawa mali ya kikundi kizima. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi zikagawanywa, kila mwanachama na hati yake. Hapo ardhi ikageuka bidhaa. Kitengela, palipokuwa malisho, leo pamejaa maploti na nyumba.

Jameni, tusiwacheke waliouza. Wako waliolipa karo na hospitali, na wengine wakaanzisha biashara. Lakini pesa huisha na ardhi hairudi. Tena hata yule asiyeuza huumia, maana seng'enge ya jirani huwafungia ng'ombe wake njia.

Nayasema haya nikijua mjomba wangu ana ploti huko huko. Siku alipopata hati tulikula pilau na kushangilia. Hakuiba, alinunua. Hata hivyo, hakuna aliyeuliza aliyeuza alienda wapi.

Soko si adui, bali halimngojei mwenye shida. Ndiyo sababu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yataka thuluthi mbili ya wanajamii wakubali kabla ardhi yao ya pamoja kuuzwa. Mmoja akibanwa na njaa, wenzake wanaweza kumsaidia kungoja. Ila ardhi iliyokwisha kugawanywa na kuuzwa, sheria hiyo hairudishi.

Wanachama wenzangu, kesho ukitumwa Burma, bishana bei kama kawaida. Lakini kumbuka kwamba bei nafuu kwako huenda ni kilio cha mwingine.