Kupunguza Uzito wa Mwili: Kwa Nini Hesabu ya Kalori Peke Yake Haitoshi

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,249 wa wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Kati yao watu 240, yaani asilimia 19.2, walikuwa wanene kupita kiasi. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 24.7, na miongoni mwa wanaume asilimia 9. Kipimo cha unene huo kinaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Jawabu likifika 30, mtu huhesabiwa kuwa mnene kupita kiasi. Kwa mama mwenye urefu wa mita 1.60, mpaka huo ni kilo 77 hivi. Jambo hili si la sura tu, kwani unene wa namna hiyo huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuhesabu kalori. Kalori inayotajwa katika habari za chakula ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Kanuni yenyewe ya fizikia haina kasoro: nishati iingiayo mwilini ikizidi ile itumikayo, ziada huwekwa akiba, hasa kama mafuta. Taabu huanza pale kanuni hiyo inapopelekwa jikoni.

Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuhama, wakapimwa tena baada ya kuhamia mjini. Katika miezi 12 uzito wao uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 hivi, wanaume kwa wanawake. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walipungua kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, maana jembe lilibaki kijijini. Walikula nyama zaidi kuliko awali, lakini yafaa ieleweke kwamba walikula pia matunda na mboga zaidi.

Sasa mwanafunzi akokotoe. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kilo 2.3 ni kalori 17,710. Tukigawanya kwa siku 365, tunapata ziada ya kalori 49 hivi kwa siku, kiasi cha vijiko vitatu vya chai vya sukari. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa uzito ulioongezeka si mafuta matupu, na mwili unapokuwa mzito hutumia nishati zaidi. Hata hivyo inatosha kuonyesha udogo wa kiasi kinachohusika. Ni nani awezaye kuikadiria sahani ya wali na maharage ya mama lishe wa Tandika bila kukosea kwa kalori 49? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia peke yake kina kalori 120 hivi, nacho hakionekani sahanini. Na katika nyumba ambamo watu hula pamoja katika sinia moja, tonge la nani lihesabiwe?

Mwili nao hujibu. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wa hiari kwa wiki 24. Walipungua uzito kwa robo hivi, lakini miili yao ilianza kutumia nishati kidogo, wakaona baridi, wakachoka, na fikra zao zikatawaliwa na chakula. Mwili hauna habari kwamba njaa hiyo ni ya kujitakia. Ndiyo sababu anayejinyima kwa ukali aghalabu huurudia uzito wake.

Je, mazoezi yatafuta ziada? Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hutembea sana wakitafuta chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima nishati waitumiayo kwa siku, ukaona kuwa, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Yaelekea mwili unapotumia nishati nyingi kwa mwendo, hubana matumizi mahali pengine. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Lakini asidhani mtu kuwa mwendo wa kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani utafuta sahani ya chipsi mayai.

Kwa maoni yangu, linalofaa kubadilishwa kwanza ni chungu cha nyumba nzima. Dona ina makapi mengi kuliko sembe. Maharage, kunde, dagaa, mchicha na matembele hushibisha kwa muda mrefu kwa sababu ya protini na nyuzinyuzi. Soda hupita tumboni bila kushibisha, na chupa ya mililita 300 aghalabu ina sukari gramu 30 hivi. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Mabadiliko ya namna hii hayamtengi mtu mmoja, na jambo hili ni muhimu kwetu: tangu UKIMWI ulipoingia nchini katika miaka ya 1980, mwanamke anayekonda upesi huulizwa maswali na majirani, na wengine huacha juhudi zao kwa sababu hiyo tu. Upungufu wa polepole, katika nyumba inayokula chungu kimoja, haumtii mtu katika aibu hiyo.

Kazi ya darasa. Mwalimu asiwapime wanafunzi uzito mbele ya wenzao. Badala yake, kila mwanafunzi aandike ni lita ngapi za mafuta ya kupikia hutumika kwao kwa wiki, na ni watu wangapi hula hapo. Lita moja ina gramu 920 hivi za mafuta. Akokotoe kalori za mafuta kwa mtu mmoja kwa siku, kisha azilinganishe na zile 49 za wahamiaji wa Morogoro. Nyumba ya watu sita inayotumia lita moja kwa wiki itapata 197.