Dondoo muhimu: Makazi ya kobe mchanga Kisumu

Kwanza kibali. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga kobe bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), kwa hiyo usimwokote njiani.

Zizi lijengwe mahali palipoinuka. Udongo mweusi wa nyanda za Kano, jirani na Kisumu, hushika maji wakati wa masika, na kobe mdogo akilala kwenye baridi na unyevu huugua mapafu haraka. Kuta ziwe za mbao au matofali. Akiona nje kupitia waya atausukuma mchana kutwa. Funika juu kwa wavu, maana kunguru na mwewe hawatamwacha. Jua limfikie moja kwa moja: kioo huzuia miale inayoimarisha gamba. Kivuli kiwe karibu, pamoja na sahani ya maji yasiyofika kidevuni.