Kwa Nini Tairi la Baiskeli Hupasuka Ghafla

Anayepakia mkaa au madumu ya maji kwenye baiskeli na kupita Picha ya Ndege, Kibaha, huitumia Barabara ya Morogoro pamoja na malori. Tairi likipasuka hapo, aweza kuangukia njia ya magari.

Tairi halipasuki bila sababu. Mpira wa ndani hutanuka pale usipozuiwa: tairi likichanika ubavuni, likisuguliwa na breki au likikaa vibaya kwenye rimu, mpira huchomoza na kupasuka. Aidha, mashine ya kujazia upepo malori hulijaza tairi dogo kupita kiasi kwa muda mfupi sana.

Tunashauri yafuatayo:

1. Soma kiwango cha juu cha upepo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi; usikizidishe.
2. Jaza kidogo kwanza, zungusha gurudumu, hakikisha tairi limekaa sawa na mpira haujabanwa, ndipo umalizie.
3. Funika vichwa vya spoki kwa utepe wa rimu.
4. Unaponunua, linganisha vipimo vya tairi na rimu, kagua nyufa, kisha dai risiti.

Tairi lililochanika ubavuni lisizibwe kiraka, libadilishwe.